Uchungu wa hedhi unapokuwa maradhi: Yafahamu endometriosisi na vifuko vya ovari

MSICHANA anapovunja ungo, miongoni mwa mambo ya kwanza anayofunzwa na mama, shangazi au nyanya yake ni kwamba hedhi ina uchungu wake na hana budi kuuvumilia. Funzo hilo lina ukweli, kwa kuwa wanawake wengi huhisi maumivu kiasi katika siku ya kwanza au ya pili.

Hata hivyo, kuna uchungu ambao haumo katika funzo hilo. Huu ni ule unaomlaza msichana kitandani asiweze kwenda shuleni, unaomtapisha, unaomfanya azirai akiwa darasani na unaorudi kila mwezi ukiwa mkali kuliko ulivyokuwa mwezi uliotangulia.

Uchungu wa aina hii huenda ukawa dalili ya maradhi yanayoitwa endometriosisi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu milioni 190 hivi kote ulimwenguni, wanaishi na maradhi hayo. Licha ya wingi huo, wengi wao hukaa miaka kadhaa, na baadhi zaidi ya miaka kumi, kabla ya kuelezwa ni nini kinachowasumbua.

Kwa upande mwingine kuna tatizo la vifuko vya maji vinavyoota katika ovari, ambavyo wengi huviita sisti. Hapa mambo huenda kinyume. Mwanamke akipigwa picha na kuambiwa ana kifuko, mara moja hushikwa na hofu ya saratani au ya kukosa mtoto, na wapo wanaokimbilia upasuaji, ilhali vifuko vingi huondoka vyenyewe bila dawa yoyote.

Kwa ufupi, tatizo la kwanza hupuuzwa mno na la pili huogopwa mno. Kinachotatiza zaidi ni kwamba mawili haya wakati mwingine hukutana katika mwili wa mtu mmoja. Anayeishi na mojawapo, au na yote mawili, hana budi kwanza kujua tofauti yake.

Damu isiyo na njia

Ndani ya mfuko wa uzazi mna utando laini ambao hunenepa kila mwezi kwa nguvu za homoni ya estrojeni, ukijiandaa kuipokea mimba. Mimba isipotungwa, utando huo hubomoka na kutoka nje ya mwili kama damu ya hedhi.

Kwa mwenye endometriosisi, chembechembe zinazofanana na utando huo huota mahali pasipo pake: juu ya ovari, kwenye mirija ya uzazi, nyuma ya mfuko wa uzazi, kwenye kibofu cha mkojo au kwenye utumbo. Chembechembe hizo nazo huitikia homoni za mwili, zikavimba na kuvuja damu kama zilivyo zile zilizo ndani ya mfuko wa uzazi.

Tofauti ni kwamba damu hiyo haina njia ya kutokea. Hubaki humo humo, ikachokoza nyama zilizo karibu na kuzifanya zivimbe na kuuma. Mwili hujaribu kujiponya kwa kutengeneza makovu, na miaka inavyozidi kusonga makovu hayo huviunganisha viungo ambavyo kwa kawaida huteleza kila kimoja kivyake. Ovari inaweza kushikamana na utumbo, au mfuko wa uzazi ukavutwa nyuma na kukwama.

Hii ndiyo sababu maumivu ya maradhi haya hayaishii kwenye hedhi. Wagonjwa hulalamikia uchungu wakati wa tendo la ndoa, uchungu wa kwenda haja hasa siku za hedhi, maumivu ya mgongo na nyonga, tumbo kufura pamoja na uchovu usioisha hata baada ya kulala. Wapo pia wasiohisi lolote, na hugundua tu wanapokwenda hospitalini kuuliza kwa nini hawapati mimba.

Madaktari huyagawa maradhi haya katika hatua nne, kutoka madogo hadi makubwa. Ajabu ni kwamba hatua hizo haziendi sambamba na ukali wa maumivu. Mwanamke mwenye madoa machache anaweza kugaragara sakafuni kwa uchungu, na mwingine ambaye viungo vyake vimegandana akaishi bila kulalamika. Kwa hivyo, mgonjwa anayesema anaumia asipuuzwe kwa sababu tu picha haionyeshi mengi.

Katika visa vichache, chembechembe hizo huonekana mbali na nyonga, kwa mfano kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, au katika mapafu. Wakenya wengi walilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza kupitia kwa Mary Njambi Koikai, mtangazaji wa redio na mpenzi wa muziki wa reggae aliyefahamika kama Jahmby Koikai. Mapafu yake yaliporomoka mara kadhaa kutokana na maradhi hayo, na mnamo 2018 alisafiri hadi Atlanta, Marekani, kwa upasuaji maalumu. Aliporejea aliendelea kuwahimiza wasichana wasinyamaze. Aliaga dunia mnamo Juni 3, 2024 akiwa na umri wa miaka 38.

Visa kama chake ni vya nadra, na endometriosisi kwa kawaida si maradhi ya kuua. Hata hivyo, masimulizi yake yalifungua mjadala ambao awali ulifanyiwa faraghani, na kwa mara ya kwanza wengi walipata jina la kuyaita maumivu yao.

Chanzo na dhana potovu

Nadharia inayojulikana zaidi kuhusu chanzo ilitolewa na daktari Mmarekani John Sampson mnamo 1927. Alieleza kuwa wakati wa hedhi, sehemu ya damu hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwagika ndani ya nyonga, ikibeba chembechembe hai zinazojishikiza huko.

Nadharia hiyo haitoshi peke yake, kwani damu hurudi nyuma kwa wanawake wengi ilhali wachache tu ndio wanaougua. Wataalamu sasa wanaamini kuwa kinga ya mwili, homoni na urithi vyote vina mchango. Msichana ambaye mama au dada yake ana maradhi haya anakabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kuyapata. Hayaambukizwi, hayaletwi na uchafu wala mienendo mibaya, na mgonjwa hana la kulaumiwa.

Kwa miongo mingi ya karne ya 20, matabibu wa nchi za Magharibi waliyaeleza maradhi haya kama ya wanawake weupe wenye uwezo walioahirisha kuzaa. Mnamo 1976, daktari Donald Chatman wa jijini Chicago alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wanawake weusi nao huugua, na kwamba wengi wao walikuwa wameambiwa awali kuwa wana maambukizi ya viungo vya uzazi.

Kosa hilo halijatoweka. Kwa kuwa dalili zake hufanana na za maradhi mengine, mgonjwa anaweza kutibiwa maambukizi ya njia ya mkojo, amiba, vidonda vya tumbo au maambukizi ya nyonga mara kwa mara bila nafuu. Anayepewa dawa za kuua viini kwa mara ya tatu au ya nne bila kipimo kuonyesha viini vyovyote ana haki ya kuuliza iwapo kuna sababu nyingine.

Dhana nyingine iliyokita mizizi ni kwamba dawa ya uchungu wa hedhi ni kuolewa na kuzaa. Ni kweli kuwa ujauzito husimamisha hedhi, na baadhi ya wanawake hupata nafuu katika miezi hiyo. Lakini ujauzito si tiba, na aghalabu dalili hurejea baada ya kujifungua. Kumshauri msichana aharakishe kuzaa kwa sababu hii ni kumwongezea mzigo pasipo kumwondolea ule wa kwanza.

Si kila kifuko ni ugonjwa

Ovari ni viungo viwili vidogo ambavyo hutunza na kukomaza mayai. Kila mwezi, yai hukomaa ndani ya kijifuko chenye maji, na kijifuko hicho hupasuka kuliachilia yai. Kwa hivyo, kila mwanamke anayepata hedhi hutengeneza vifuko vya maji katika ovari zake mwezi baada ya mwezi.

Mara nyingine kijifuko hukosa kupasuka na kuendelea kujaa maji, au hupasuka kisha kikajifunga tena. Hapo ndipo picha huonyesha kifuko cha sentimita tatu, nne au tano. Vifuko vya aina hii vingi hunywea na kutoweka baada ya hedhi moja, mbili au tatu.

Miongozo ya madaktari wa magonjwa ya wanawake nchini Uingereza inaeleza kuwa kifuko chenye maji matupu kisichozidi sentimita tano, kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, kwa kawaida hakihitaji hata kufuatiliwa. Kilicho kati ya sentimita tano na saba hupigwa picha tena baada ya mwaka, na kinachozidi sentimita saba huchunguzwa zaidi au kufikiriwa upasuaji. Mwanamke aliyekoma hedhi huangaliwa kwa makini zaidi, kwani katika umri huo uwezekano wa saratani huwa mkubwa kidogo.

Kuna vifuko vingine ambavyo haviondoki vyenyewe. Mojawapo ni kile ambacho ndani yake huwa na mafuta, nywele na hata meno. Si ajabu familia kuonyeshwa vitu hivyo baada ya upasuaji na kuanza kunong'ona kuhusu uchawi. Hakuna uchawi hapo. Kifuko hicho huota kutokana na chembe za mayai ambazo zina uwezo wa kuunda kila aina ya nyama ya mwili, na mara nyingi hakina madhara ya saratani.

Aidha, vifuko hivi visichanganywe na tatizo la ovari zenye vijifuko vingi vidogo, linalofahamika kwa kifupi kama PCOS. Hilo ni tatizo la homoni ambalo huleta hedhi za kuchelewa, chunusi na nywele kuota kidevuni au kifuani. Vijifuko vyake ni mayai ambayo hayakukomaa, na havihitaji kuondolewa kwa kisu.

Mahali matatizo mawili hukutana

Endometriosisi inapoingia ndani ya ovari, damu hukusanyika humo mwezi baada ya mwezi, ikakaa na kugeuka rangi. Hatimaye hutokea kifuko chenye majimaji mazito ya rangi ya kahawia. Sampson ndiye aliyevieleza kwa kina mnamo 1921, na tangu zamani hizo madaktari wamekuwa wakiviita vifuko vya chokoleti.

Kifuko cha aina hii hakiondoki chenyewe kama vile vya kawaida, na kuwepo kwake mara nyingi huashiria kuwa kuna endometriosisi mahali pengine katika nyonga. Ndiyo maana mgonjwa anayeambiwa ana kifuko anafaa kuuliza maswali matatu: Kina ukubwa gani? Ndani yake kuna maji matupu, damu nzito au nyama? Je, kinahitaji kupigwa picha tena, na lini?

Majibu ya maswali hayo humwepusha na hofu isiyo na msingi na pia na upuuzaji. Mwenye kifuko kidogo cha maji na asiye na maumivu anaweza kwenda zake na kusubiri. Mwenye kifuko cha chokoleti anahitaji mpango wa matibabu wa muda mrefu.

Vipimo

Uchunguzi wa kwanza ni maelezo ya mgonjwa mwenyewe, yakifuatwa na kuguswa tumbo na nyonga. Kisha hufuata picha ya ultrasaundi, ambayo huonyesha vifuko vizuri, hasa inapopigwa kwa kifaa kinachoingizwa ukeni. Kipimo cha MRI huweza kuonyesha maradhi yaliyoingia ndani kwenye utumbo au kibofu, lakini ni ghali na hakipatikani kila mahali.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi ni kwamba picha safi haimaanishi hakuna maradhi. Madoa madogo yaliyotapakaa juu ya viungo hayaonekani kwa ultrasaundi. Kwa muda mrefu njia pekee iliyokubalika ya kuthibitisha ilikuwa laparoskopia, yaani upasuaji wa matundu madogo ambapo kamera huingizwa tumboni. Hata hivyo, mwongozo wa wataalamu wa uzazi wa Ulaya uliotolewa mwaka wa 2022 uliondoa sharti hilo. Sasa daktari anaweza kuanza matibabu kwa kutegemea dalili na picha, bila kumlazimu mgonjwa kupasuliwa kwanza.

Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa nchi kama Kenya, ambapo wataalamu wa upasuaji huo na vifaa vyake hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za mijini. Msichana aliye mbali na miji hiyo anaweza kuanza kupata nafuu katika hospitali ya kaunti yake iwapo mhudumu anazijua dalili.

Kuna pia kipimo cha damu kiitwacho CA-125. Kipimo hiki huweza kupanda kutokana na endometriosisi, hedhi, ujauzito au maambukizi, na kwa hivyo kikipanda kwa mwanamke kijana si ushahidi kwamba ana saratani.

Matibabu na mipaka yake

Hadi sasa endometriosisi haina dawa ya kuimaliza kabisa. Matibabu yaliyopo hupunguza maumivu, huzuia maradhi yasienee na hulinda uwezo wa kuzaa.

Dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofeni hufanya kazi vyema zaidi zinapomezwa mapema, kabla uchungu haujakolea, na baada ya kula. Wenye vidonda vya tumbo, pumu au matatizo ya figo hawafai kuzitumia bila ushauri wa daktari.

Hatua inayofuata ni dawa za homoni. Nyingi kati yake ni zile zile zinazotumiwa kupanga uzazi: vidonge, sindano ya kila miezi mitatu, au koili yenye homoni inayowekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Lengo ni kupunguza au kusimamisha hedhi ili chembechembe zilizo nje zisiendelee kuvuja damu. Daktari anaweza kumwelekeza mgonjwa ameze vidonge mfululizo bila kupumzika ili hedhi isije.

Hapa ndipo wazazi wengi hugoma. Mama anapoambiwa binti yake wa miaka 15 ameze vidonge vya kupanga uzazi, humjia picha ya binti aliyepotoka au ambaye hatazaa kamwe. Ukweli ni kwamba vidonge hivyo haviharibu kizazi, na uwezo wa kushika mimba hurejea baada ya kuviacha. Sindano ndiyo inayoweza kuchelewesha mimba kwa miezi kadhaa, wakati mwingine hadi mwaka. Jina la dawa lisimnyime msichana miaka yake ya masomo.

Zipo pia sindano kali zaidi ambazo huzima kwa muda kazi ya ovari. Hizi huleta joto la ghafla mwilini na huweza kudhoofisha mifupa, na kwa sababu hiyo hutumiwa kwa muda maalumu au pamoja na homoni nyingine ya kupunguza madhara hayo.

Upasuaji huja pale dawa zinaposhindwa, kifuko kinapokuwa kikubwa, au mgonjwa anapotafuta mtoto. Daktari huyakata au kuyachoma madoa na kutenganisha viungo vilivyogandana. Wengi hupata nafuu kubwa, lakini maradhi huweza kurudi. Tathmini ya tafiti iliyochapishwa mwaka wa 2009 ilikadiria kuwa hurudi kwa asilimia 40 hadi 50 ya waliopasuliwa katika kipindi cha miaka mitano. Kutumia dawa za homoni baada ya upasuaji hupunguza uwezekano huo kwa wale ambao hawatafuti mimba kwa wakati huo.

Fauka ya hayo, kila mara kifuko cha chokoleti kinapotolewa, baadhi ya mayai mazima huondoka nacho. Anayetarajia kuzaa anafaa kulizungumzia hili na daktari mapema, na akiweza apimwe homoni ya AMH ambayo hukadiria akiba ya mayai iliyobaki. Hata kuondoa mfuko wa uzazi si suluhisho la hakika, kwani madoa yaliyoachwa kwingine huweza kuendelea kuuma.

Suala la mtoto

Inakadiriwa kuwa kati ya wanawake 100 wenye endometriosisi, 30 hadi 50 hutatizika kupata mimba. Takwimu hiyo ina pande mbili. Ni onyo kwamba mtu asichelewe kutafuta ushauri, lakini pia inaonyesha kwamba idadi kubwa hushika mimba, wengine bila usaidizi wowote.

Kwa wanaoshindwa, kuna njia ya kurutubisha yai nje ya mwili. Watoto wa kwanza wa Kenya waliopatikana kwa njia hiyo walizaliwa jijini Nairobi mwaka wa 2006. Gharama yake bado ni mamia ya maelfu ya shilingi, kiasi ambacho familia nyingi haziwezi kumudu.

Katika jamii nyingi, mke asipozaa ndiye hunyoshewa kidole hata kabla ya yeyote kupimwa. Busara ni mume na mke kwenda hospitalini pamoja, kwani hata palipo na endometriosisi, upungufu wa mbegu za mume huweza kuwa sehemu ya tatizo. Mume anayeelewa kwamba mkewe hujitenga kitandani kwa sababu ya uchungu, wala si kwa chuki, huwa ameokoa mengi katika ndoa yake.

Maisha ya kila siku

Silaha ya kwanza ya mgonjwa ni daftari. Aandike tarehe ya hedhi, siku za maumivu, ukali wake kwa kipimo cha moja hadi kumi, dawa alizomeza na mambo aliyoshindwa kuyafanya: kukosa shule, kukosa kazi, kushindwa kupika au kubeba mtoto. Baada ya miezi mitatu, daftari hilo humweleza daktari mambo ambayo mgonjwa hawezi kuyakumbuka katika dakika chache za kuonana naye.

Chupa ya maji moto ikiwekwa tumboni au kiunoni hulegeza misuli na hupunguza uchungu. Kutembea, kunyoosha viungo na mazoezi mepesi huwasaidia wengi, ingawa siku ya maumivu makali mgonjwa asijilazimishe. Kuhusu chakula, hakuna mlo uliothibitishwa kuponya. Anayeona kuwa chakula fulani humfurisha tumbo anaweza kukipunguza, lakini ajihadhari na wauzaji wa dawa za kienyeji wanaodai kusafisha kizazi au kuyeyusha vifuko. Vifuko vingi vingeyeyuka hata bila dawa hizo, na sifa huishia kwa muuzaji.

Maumivu ya miaka mingi huchosha moyo pia. Huzuni, wasiwasi na hisia ya kuonekana mzembe huwaandama wagonjwa, hasa waliokwisha kuambiwa kwamba wanajifanya. Kuzungumza na mshauri nasaha au na wengine wenye hali hiyo hiyo ni sehemu ya matibabu.

Shuleni, mlezi wa bweni anaweza kuwa wa kwanza kugundua, maana ndiye anayemwona msichana yule yule akilala kitandani kila mwezi. Kazini, mwajiri anayejua tatizo anaweza kumpangia mfanyakazi zamu nyepesi siku hizo. Nchini Zambia, sheria ya ajira huruhusu mwanamke siku moja ya mapumziko kila mwezi bila kudaiwa cheti cha daktari.

Wanaotegemea bima ya umma, ambayo tangu Oktoba 2024 husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliyochukua mahali pa NHIF, wanashauriwa kuuliza hospitalini mapema ni vipimo na upasuaji upi unaolipiwa, na kwa kiwango gani, kabla ya kukubali tarehe.

Dalili za kukimbilia hospitalini

Zipo hali ambazo hazingoji miadi. Kifuko kikubwa kinaweza kuifanya ovari ijipinde na kukatiwa damu. Dalili yake ni uchungu mkali wa ghafla upande mmoja wa tumbo la chini, mara nyingi ukiandamana na kutapika. Ovari hiyo inaweza kuokolewa iwapo mgonjwa atafikishwa kwa mpasuaji haraka.

Vilevile, uchungu wa ghafla pamoja na kizunguzungu, kuzirai, maumivu ya bega au kuchelewa kwa hedhi huenda ukaashiria kifuko kilichopasuka na kuvuja damu, au mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Homa kali yenye maumivu ya nyonga nayo ni dharura. Katika hali zote hizi, kumeza dawa ya maumivu na kulala ni hatari.

Kenya imepiga hatua katika kuzungumzia hedhi. Ushuru wa thamani ya ziada kwa sodo uliondolewa mwaka wa 2004, na marekebisho ya sheria ya elimu ya 2017 yaliipa serikali jukumu la kuwapa wasichana wa shule sodo bila malipo. Lakini sodo huzuia aibu ya damu tu. Haimsaidii msichana anayekosa masomo siku tatu kila mwezi kwa sababu ya uchungu, ambazo katika miaka minne ya sekondari huwa ni karibu siku mia moja za masomo.

Msichana huyo hahitaji mashine za bei ghali ili aanze kusaidiwa. Anahitaji mama, mwalimu au muuguzi atakayemuuliza uchungu wake humzuia kufanya nini, na ambaye baada ya kusikia jibu hatamwambia avumilie. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humuumbua. Kwa maradhi haya, aghalabu si mgonjwa anayeficha, bali ni wanaomzunguka wanaokataa kusikia.